Kocha aliyemsajili mdogo wangu Marekani katimuliwa kwa kashfa. Abaki au ahame?

Kaka Mtu: Wakuu, habari za muda. Nina mdogo wangu wa futi 6 na inchi 9, kikapu kaanzia JMK Park pale Kidongo Chekundu. Baadaye akapata shule Marekani, kisha chuo kimoja cha divisheni ya kwanza (jina nalihifadhi) kikampa ufadhili. Mwaka wa kwanza kamaliza, mechi nyingi kakaa benchi.

Sasa kocha mkuu katimuliwa, kuna tuhuma za pesa kwa wachezaji na uchunguzi bado unaendelea. Kocha mpya kamwita dogo ofisini, hata kukaa vizuri hajakaa, akamwambia: "Tunakuthamini, ila angalia na milango mingine." Kocha msaidizi wa zamani kapata kazi chuo kingine na anamwita kwa WhatsApp kila siku. Mama anasema abaki, kuondoka ni kukosa shukrani. Baba mdogo anasema ahame jana. Naombeni ushauri.

Jogoo wa Upanga: Futi 6 na inchi 9? Mrudishe akae golini Simba, tumechoka kufungwa kwa kona.

Mzee Ribaundi: Jogoo, tulia. Kaka Mtu, UConn unaikumbuka, chuo cha Hasheem Thabeet wetu? Mwaka 2018 walimfukuza Kevin Ollie, aliyewapa ubingwa 2014, katikati ya uchunguzi wa NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani. Akaja Dan Hurley, msimu wake wa kwanza ukawa kushinda 16 na kufungwa 17. Watu wakaguna. Mwaka 2023 na 2024 kachukua ubingwa mfululizo. Kwa hiyo timu kufufuka inawezekana. Swali ni kama mdogo wako atakuwemo siku ikifufuka. Kocha akikwambia uangalie milango mingine, ameshakuonyesha wa kutokea. Wala si ubaya, anataka nafasi ya ufadhili ampe mtu wake.

Nyota wa Kigamboni: Mzee, sikubaliani moja kwa moja. Chuo cha Kentucky, mwaka 1989 kocha Eddie Sutton aliondoka kwa kashfa, timu ikazuiwa mashindano ya Machi, yale ya kutafuta bingwa wa vyuo, kwa miaka miwili. Wachezaji wanne wakagoma kuhama. Mwaka 1992 nusura waitoe Duke, wakafa 104 kwa 103, na leo jezi zao zimetundikwa pale ukumbini. Kuvumilia kuna heshima yake.

Mzee Ribaundi: Watatu kati ya hao wanne walikuwa watoto wa Kentucky hukohuko, wamekulia kwenye mapenzi ya timu ile. Na enzi hizo ukihama unakaa nje msimu mzima. Siku hizi kocha mpya anabadilisha kikosi ndani ya kiangazi kimoja. Halafu kocha aliyekuja kuwainua Kentucky ni Rick Pitino, yuleyule ambaye chuo cha Louisville walimfukuza 2017 kwa kashfa. Dunia hii!

Mama Furaha: Mimi niko hapa Louisville, Waswahili tumejaa, Wakongo wengi. Baada ya Pitino tuliona mengi. Ubingwa wa 2013 ulifutwa, bango likashushwa ukumbini. Chini ya Kenny Payne timu ilishinda mechi 4 ikafungwa 28, msimu uliofuata 8 kwa 24, viti vitupu. Mwaka 2024 akaja Pat Kelsey, akasuka kikosi karibu chote upya, akashinda 27 na kufungwa 8. Watu wanashangilia, lakini vijana waliovumilia miaka ile mibaya hawakuwemo kwenye sherehe. Mwanangu, mtoto ahame, ila asimfuate yule msaidizi kabla hamjajua kama naye anachunguzwa. Mkia wa kashfa ni mrefu.

Msomi F1: Wote mmesahau viza yake ya mwanafunzi, F-1. Kocha akibadilika, wachezaji hufunguliwa dirisha la siku chache tu la kuomba uhamisho, na sheria zake hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo amuulize ofisa wa kanuni wa chuo chake leo, asitegemee vijana wa chumba cha kubadilishia nguo. Pili, akiingia tu kwenye mfumo wa uhamisho, chuo cha sasa kinaweza kumkatia ufadhili wa muhula ujao. Asiingie bila chuo kinachomtaka kweli. Tatu, rekodi zake za viza lazima zihamishwe na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, akizubaa hapo anaharibu hadhi yake ya kukaa nchini. Na akiahidiwa pesa za matangazo aulize mwanasheria wa uhamiaji. Mwenye F-1 hana uhuru wa kufanya kazi kama Mmarekani.

Barua ya ufadhili inasemaje, mwaka mmoja au miaka minne?

Kaka Mtu: Nimeifungua sasa hivi. Mwaka mmoja, "unaweza kuhuishwa". Tulipopiga nayo picha na mama hakuna aliyesoma mstari huo.

Msomi F1: Basi jibu unalo. Kuna chuo kingine kimepiga simu zaidi ya cha msaidizi?

Kaka Mtu: Kimoja kidogo, hakivumi. Kocha wao kamtumia video ya dakika 11, kapanga ribaundi zake zote za msimu, yaani mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa, na kumweleza asimame wapi.

Mzee Ribaundi: Dakika 11 kwa mtu wa benchi? Huyo anamtaka. Dogo aende huko.

Kaka Mtu: Kesho anaanzia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Mama bado hajaambiwa.

Mama Furaha: Mwambie leo, asije akasikia kwa baba mdogo.