Tupeane uzoefu: ulezi wa vijana ambao wazazi wao wanatumia unga (heroini) au pombe

Mlezi_Temeke: Mnaoendesha mipango ya kaka walezi na dada walezi, yaani watu wazima wanaokutana na kijana mara kwa mara kumsikiliza na kumshauri, semeni nini kinafanya kazi na nini kinakwama. Naanza na muda. Asiyeweza kuahidi mwaka mzima apewe kazi nyingine. Utafiti wa Grossman na Rhodes, Marekani, 2002, ulionyesha kuwa ulezi uliofika mwaka ndio uliowafaa vijana zaidi, na uliovunjika ndani ya miezi 3 uliwaacha wakijithamini chini ya walivyokuwa. Mtoto wa mraibu ameshachoka na "kesho nitakuja".

BiUstawi: Siku na saa zisibadilike: Jumamosi saa 4 asubuhi, dakika tisini zinatosha. Mkutane mahali pa wazi kama shuleni au ofisi ya mtaa, kamwe si nyumbani kwa mlezi. Nauli kijana apewe mkononi siku hiyohiyo, ya kurudi na ya kuja wiki ijayo tu. Ukimpa ya mwezi mzima, nyumbani inageuka kete (kipakiti cha unga) kabla ya Jumatatu. Simu ya zawadi ndiyo usiseme. Sare na madaftari vibaki shuleni.

Mwl_Likoni: Na mtoto asigeuzwe mpelelezi jamani! "Baba ametumia leo?" ni swali la kufunga mdomo wake moja kwa moja. Muulize amelala saa ngapi, amekula nini, mdogo wake kaachwa na nani. Hilo la mdogo ndilo kubwa. Kijana akikosa mara mbili, walezi huandika "hana nia", kumbe mama ana arosto, yaani anaumwa kwa kukosa unga, na kijana ndiye anayepika uji na kuosha watoto. Mruhusuni aje na mdogo wake, na awepo mtu wa kumshika.

Juma_K: Mzazi akianza methadoni, ile dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mlezi anaweza kupunguza siku?

BiUstawi: Hapana, hapo ndipo aongeze. Mwanzoni dawa inamezwa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo asubuhi nyumba inabaki bila mtu mzima, tena na nauli inakwenda huko. Halafu mzazi akitulia anaanza kutoa amri kwa kijana aliyekuwa ndiye kichwa cha nyumba. Ugomvi huwaka, shule inashuka, watu wanasema dawa haifai. Mlezi asichukue upande. Amsaidie kijana kukabidhi kazi mojamoja, aanze na kupika jioni.

Mwl_Likoni: Siri pia. Siku ya kwanza kabisa mwambieni yasiyofichwa: kipigo, kuguswa vibaya, kutumwa kununua unga, kutaka kujidhuru. Ukimwahidi kutunza kila kitu halafu ukaripoti, humpati tena. Kenya na Tanzania piga 116, bure. Kwa Tanzania kuna pia afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto polisi. Mlezi asiende mwenyewe kumkabili mzazi. Anayelipia hasira hiyo usiku ni mtoto.