Igizo la mtaani kuhusu wanajeshi wa zamani wasio na makazi

MamaZawadi_Denver: Wakuu, naomba ushauri. Karibu na kazini kwangu kuna jamaa aliyepigana Iraki, analala ndani ya pikapu. Asubuhi hunawa kwa maji ya chupa, kisha hukunja blanketi pembe kwa pembe kama yuko kambini. Kikundi chetu kinataka kuigiza maisha haya barabarani. Tutaepukaje kumdhalilisha?

Kibe: Muulizeni kwanza. Mwaka 2008, hapohapo kwenu Denver, Marekani, msanii Krzysztof Wodiczko alitumia gari la kijeshi kumulika ukutani maneno ya wanajeshi kama huyo. Maneno yao wenyewe!

SupuYaPweza: Na msimvalishe mtu matambara, tafadhali. Nimechoka na hayo.

MamaZawadi_Denver: Nimemuuliza. Kasema blanketi atalikunja mwenyewe, ila milio ya risasi hataki.