Mtoto akikohoa getini anarudishwa, aliyenyweshwa Panadol anapita. Hizi nasari zinatuchezea akili

Jamani wazazi wenzangu naomba mnisikilize kabla sijaenda kumtukana mtu pale getini kesho asubuhi. Nimechoka, nimechoka, nimechoka.

Niko Busia huku upande wa Uganda, nauza mukene sokoni. Ng'ambo Kenya wanaita omena, Watanzania dagaa, samaki ni yule yule. Wanunuzi wangu wengi wanavuka kutoka upande wa Kenya alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hivi mpaka saa mbili, ukifungua meza saa tatu unakuta washajaza magunia kwa jirani yako na wewe unabaki kufukuza nzi. Kwa hiyo mtoto akianza kukohoa usiku kwangu sio habari ya kikohozi peke yake, ni habari ya ada, kodi ya meza na deni la yule jamaa wa Majanji kule ziwani anayeniletea mzigo kwa mkopo. Baba yao yuko barabarani na lori la Juba, akipiga simu anauliza "mtoto anaendeleaje" halafu mtandao unakata.

Sasa sikieni. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu, yuko bebi klasi. Jumatatu usiku kakohoa mara tatu nne, mara ya mwisho saa tisa, nikawasha tochi ya simu nikamwekea mkono shingoni, hana joto. Nikampa maji ya uvuguvugu na asali kijiko kimoja akalala. Asubuhi kaamka mwenyewe anadai chai na kile kipande cha chapati cha jana, kamaliza, kamkimbiza kuku wa jirani mpaka kwenye mfereji kapoteza kiatu kimoja. Makamasi yapo, ya maji maji. Haya niambieni, huyo ni mgonjwa wa kulazwa nyumbani?

Nikampeleka. Tunafika getini, anti wa zamu kasimama na rejista yake, mtoto wangu akakohoa. Moja tu! Anti hata hakumgusa, kasema "nyabo huyo rudi naye, atatuambukizia watoto." Nikamwambia basi mpime joto. Maana ile bunduki ya kupimia joto ya enzi za korona tulichangishwa sisi wazazi, naikumbuka hela yangu. Ati iko kwenye droo ya ofisi, betri ilikufa. Yaani kipimo cha shule ni sikio la anti.

Na wakati nabishana hapo nyuma yangu kashushwa mtoto kwenye boda, kabebwa na hausigeli, kichwa kimelala begani, macho mekundu, midomo imekauka. Mzazi yeyote akimwangalia anajua huyu kanyweshwa sirapu ya Panadol saa kumi na moja alfajiri ili joto lishuke mpaka apite geti. Hakukohoa, kapita. Anti kamwambia "gudi moning" na kumshika mkono. Wangu mwenye nguvu za kukimbiza kuku karudi nyumbani, yule anayechemka kaingia darasani na wenzake 40 na kitu. Banange!

Najua mchezo huo kwa sababu na mimi nimeshaucheza, sijifanyi malaika hapa. Mwaka jana temu ya tatu binti yangu huyu huyu alikuwa na joto, nikampa sirapu kumi na moja na nusu, nikaomba Mungu, nikakimbilia sokoni. Mzigo wa siku hiyo ulikuwa magunia sita. Saa nne na nusu simu ikaita. Nilipofika nilimkuta ofisini amelala kwenye mkeka mwembamba, peke yake, nyuma ya yale maboksi ya toilet pepa tunayoleta wazazi kila temu kwenye rikwayamenti, kaegemeza kichwa kwenye boksi, jasho mpaka sweta limeloa, na mkononi kashika kikombe cha uji ambacho hakukinywa. Hakulia aliponiona, aliinua mikono tu nimbebe. Ilikuwa malaria. Kile kikombe bado nakiona mpaka leo. Dawa ya joto inashusha joto, haitoi ugonjwa, na mimi nilikuwa nalijua hilo vizuri sana wakati namimina ile sirapu.

Kwa hiyo sisemi watoto wagonjwa waende shule. Nasema shule inakagua kitu kisicho chenyewe na inatufundisha sisi wazazi kuficha kile chenyewe.

Turudi Jumanne. Nimerudishwa, nyumbani hakuna mtu, mama mkwe yuko kijijini, nikaenda naye sokoni. Kashinda chini ya meza kwenye boksi, huku foleni ya malori yanayongoja forodha imewasha injini, vumbi la Februari mnalijua, upande wa kushoto dada anakaanga samaki kwenye sigiri ya mkaa moshi wote unakuja kwetu, na mukene yenyewe ukiikung'uta inatoa ule unga unaowasha koo hata la mtu mzima. Jioni anakohoa mara mbili ya asubuhi. Haya anti, umemkinga nani hapo?

Na mkisema mnazuia maambukizi, ingieni darasani kwanza. Mimi nimeingia. Madirisha yamefungwa sababu ya vumbi la barabara, watoto wamebanana kwenye benchi, na kwenye jerikani la maji kuna vikombe viwili vya plastiki, kimoja cha bluu kimoja kimevunjika mkono, wanapokezana darasa zima. Mafua yanapita hapo kwenye kikombe na kwenye mikono, sabuni tunaleta kila temu sijui inaenda wapi maana kwenye beseni haipo. Lakini kikohozi cha getini ndio adui wa taifa.

Kuna jirani yangu mtoto wake ana pumu, ana kile kipampu cha bluu. Kikohozi cha pumu hakimwambukizi mtu, hata ukikohoa naye kwenye shuka moja. Kila msimu wa vumbi yule mtoto anarudishwa, wiki iliyopita karudishwa siku tatu, mamake kaeleza, kaleta karatasi ya kliniki, kaonyesha pampu, wapi. Mwalimu anasema wazazi wengine watalalamika. Na kweli wanalalamika, kwenye grupu letu la WhatsApp kuna wale wamama wakisikia mtoto wa mwenzao ana mafua wanaandika herufi kubwa, halafu wa kwao akipata wanaandika "ni aleji tu".

Halafu sheria mpya ya temu hii, mtoto akirudishwa hawezi kurudi bila barua ya daktari. Barua ya mafua!! Hospitali ya serikali hulipi, ada ilifutwa tangu 2001, sawa, lakini upange foleni na wenye malaria na wajawazito tangu asubuhi mpaka saa nane ili musawo, yaani daktari, aandike "mtoto ana mafua"? Kliniki ya mtaani wanakuandikia dakika tano, elfu kumi, na hawakuachii utoke bila chupa ya dawa. Duka la dawa ndio usiseme, nimeuliza kipimajoto nikauziwa vidonge vya amoksi, ile antibayotiki, nusu dozi kwenye kibahasha. Mafua ni ya virusi, amoksi haina kazi hapo, ila ukimwambia muuzaji anakuona unajifanya msomi. Na hizo sirapu za kikohozi mimi siku hizi naziogopa, mnakumbuka Gambia 2022, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa sirapu zilizochanganyika na sumu. Nabaki na asali yangu. Na asali yenyewe ni kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, mchanga usithubutu.

Nilikwenda hiyo hospitali lakini, Jumatano, nikapoteza siku nzima ya biashara, na nashukuru kitu kimoja. Musawo kijana tu, mpole, hakuanza na stethoskopu. Kamwinulia binti yangu shati, kaniambia "mama usisikilize kikohozi, angalia hapa", kanionyesha chini ya mbavu. Ikiwa nyama pale inazama ndani kila akivuta pumzi, hiyo ni hospitali sasa hivi, hakuna cha kungoja asubuhi. Kaweka simu kwenye dakika moja kamili, tukahesabu tumbo linavyopanda mtoto akiwa ametulia, kanihesabisha mimi mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno, inaweza kuwa nimonia. Wa kwangu 30. Kumbe hata VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijijini kwetu, anayo hiyo hesabu, ana kile kidude kinacholia dakika ikiisha, na mimi miaka yote nilidhani anagawa vyandarua tu.

Nikamuuliza sasa kikohozi kitaisha lini nimrudishe shule. Akacheka. Akasema kikohozi cha mafua kinaweza kubaki wiki mbili mpaka tatu mtoto mwenyewe ameshapona zamani, kikivuka wiki mbili mlete tumwangalie na TB, na mtoto wa nasari kupata mafua mara sita mpaka nane kwa mwaka ni kawaida. Hebu pigeni hesabu hiyo na mimi mwuza samaki. Mara nane, kila mara wiki mbili za kukohoa, ni wiki 16. Zaidi ya temu nzima! Nikingoja koo linyamaze kabisa huyu mtoto atasoma lini?

Na ada je, kuna wa kurudisha? UPE, ile elimu ya msingi ya bure ya 1997, inaanzia P1, darasa la kwanza, nasari ni mfuko wako mwenyewe, kwangu laki mbili na themanini kwa temu bila uji na bila rimu za karatasi. Siku anayorudishwa hurudishiwi hata mia. Uji wake wa siku hiyo nani anakunywa? Swali tu.

Kuna watu najua watasema "mama acha tamaa ya pesa kaa na mtoto wako". Hao wana wasichana wa kazi au wana mishahara. Na hata wenye mishahara si rahisi, shoga yangu yuko ofisini Tororo, alipojifungua alipewa zile siku 60 za kazi za sheria ya ajira ya 2006, mumewe 4, lakini mtoto sasa ana miaka mitatu akiugua anakula likizo yake ya mwaka, ya mwaka jana iliisha Mei. Na mimi neno "mkalishe nyumbani" linanichoma kwa namna nyingine. Kijana wangu mkubwa alikaa nyumbani kuanzia Machi 2020 shule zilipofungwa mpaka 10 Januari 2022. Aliondoka topu klasi, darasa la mwisho la nasari, anasoma majina ya maduka barabarani, karudi amesahau hata kuandika jina lake, na ameshazoea kusukuma mkokoteni mpakani. Nilipigana naye mwaka mzima kukaa darasani. Kwa hiyo msiniambie siku mbili tatu si kitu.

Mimi msimamo wangu sasa ni huu na mnaweza kunipiga mawe. Akiwa na joto hatoki, hata kama magunia ni kumi. Akikohoa mpaka anatapika, au usiku mzima hatujalala, au kaamka hataki chai na anataka kubebwa tu, hatoki, na nitambembeleza jirani anishikie meza nimpe chochote. Pumzi zikienda mbio hata sifikirii shule, ni boda mpaka hospitali. Lakini makamasi na kikohozi cha hapa na pale, mtoto anakula, anacheka, anagombana na kuku? Anaenda shule na kitambaa chake mfukoni na kikombe chake mwenyewe chenye jina.

Hicho kikombe nilishakipeleka Alhamisi. Kimerudi nyumbani na alama za meno ya mtoto mwingine.

Kama nasari ya kwenu ina utaratibu wa maana naombeni muuandike hapa, nataka niuchapishe nimpelekee direkta. Sio "pole mama" tafadhali, pole ninazo nyingi.

NAONGEZEA, Jumapili saa tano usiku: kakohoa mara mbili tangu nianze kuandika huu uzi. Joto hana. Nimehesabu pumzi amelala, 26, nimerudia, 26. Kipimajoto nimenunua hatimaye, elfu kumi na tano, kipo kwenye pochi pamoja na betri mpya ya ile bunduki yao. Kesho saa moja kasoro niko getini, nampima mbele ya anti na mbele ya foleni yote, na nikimaliza wa kwangu nitamwazima anti ampime anayefuata.