Jini, joka na mchawi: nani anawafunika wenzake? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi

Stationari_Mwanga (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Nina hadithi ya kubuni nimeimaliza, naitoa kijitabu. Ndani kuna wababe watatu: jini, joka la kuruka linalotema moto, na mchawi. Mchoraji wa jalada anataka elfu 40 kwa kiumbe mmoja, ukimwongeza wa pili anadai elfu 25 juu yake. Hiyo hela sina. Jumamosi anaondoka kwenda Kasulu, kwa hiyo lazima nichague mmoja, na nataka awe yule mwenye nguvu kuliko wote. Kwa mlivyosoma na kuangalia, nani anawafunika wenzake? Naombeni hoja, siyo ushabiki.

Mgebuka_Mkavu
Joka. Uzi ufungwe.

KalamuButu (Tabora)
Usifungwe. Mkuu, umeleta nusu ya habari halafu unataka jibu zima. Joka la wapi? La Wazungu linatema moto na kulalia dhahabu. La Wachina linaleta mvua, na mara nyingi hata mabawa halina. Jini wako yuko huru au kafungwa kwenye chupa? Mchawi ana fimbo na vitabu, au ni jirani wa nyumba ya tatu? Pambano liko wapi? Wasomaji ni watoto au wakubwa? Jibu hayo kwanza.

Stationari_Mwanga
Joka ni la moto, nimeshasema. Pambano ni ziwani, usiku. Mengine nikiyamaliza hapa nani atanunua?

Mgebuka_Mkavu
Ziwani usiku na moto mdomoni? Hilo joka litakuwa karabai. Dagaa wote wa Kibirizi watalifuata, wavuvi nyuma yao na nyavu. Hamna pambano hapo, kuna msimu tu.

Mwl_Baiolojia
Nimecheka, lakini tuliangalie hili joka vizuri. Moto siyo tatizo kubwa. Kuna mbawakawa ambaye akichokozwa anachanganya kemikali mbili tumboni na kurusha nyuma majimaji ya moto, nyuzi karibu 100. Swila wetu anatema sumu na kulenga macho. Kwa hiyo kurusha kitu kibaya kutoka mwilini, asili imeshaliweza. Tatizo ni kuruka. Katika viumbe wa kale wanaojulikana kuruka, mmoja wa wakubwa kabisa alikuwa na mabawa ya kama mita 10 ukiyatandaza, na mwili mwepesi, mifupa mitupu ndani. Joka la uzito wa lori lingebaki Mwanga linakimbia kama kuku. Sasa likiruka, ujue linarushwa na uchawi. Na kama linategemea uchawi, mchawi ndiye mwenye funguo.

Mgebuka_Mkavu
Mwalimu, hadithi siyo mtihani wa taifa.

BintiUjiji
Nyote mnapoteza muda. Jini. Joka ni mnyama, likishiba linalala. Mchawi ni binadamu, anaugua, anazeeka, anadaiwa kodi. Jini huwezi kumpiga mshale kwa sababu hujui yuko wapi. Anaweza kuwa ndani ya joka. Anaweza kuwa ndani ya mchawi mwenyewe, na wewe unasoma ukurasa wa 60 hujui nani anaongea. Hiyo ndiyo nguvu, kuingia bila kubisha hodi.

KalamuButu (Tabora)
Dada, jini huyohuyo kwenye masimulizi ya kale katiwa kwenye chupa, kapigwa muhuri wa Nabii Suleiman, katupwa baharini. Mvuvi maskini akamtoa, jini akataka kumuua. Mvuvi akamwambia, siamini kama dubwana kama wewe uliingia kwenye kitu kidogo hivi, hebu nionyeshe. Akaingia. Mvuvi akafunga. Nguvu za kutikisa bahari, na kachezwa na mtu ambaye siku hiyo hata samaki hakupata.

BintiUjiji
Huyo alikuwa mjinga, siyo dhaifu. Usichanganye.

Ustadhi_wa_Jioni
Samahani wadau, naona wengine mnaandika jini, wengine shetani, wengine pepo, kama vile ni kitu kimoja. Majini wamo wema na waovu. Iblisi mwenyewe alikuwa katika majini, soma Al-Kahf aya ya 50. Kwenye hadithi za Wazungu yule wa kuitwa kwa duara la chaki na kusaini mkataba wa roho ni shetani. Mwenye uzi aseme wake ni yupi, maana wa mkataba ana udhaifu wake: akishasaini, na yeye amefungwa na maneno yaleyale.

Mgebuka_Mkavu
Tumeanza. Kesho utasikia tunagombania mwandamo wa mwezi.

Stationari_Mwanga
Wangu ni jini wa ziwani. Hasaini chochote. Mrudi kwenye mada jamani, mchoraji kanipigia tena.

Mzee_wa_Behewa (Tabora)
Vijana, mimi nasoma kimyakimya siku zote ila leo mmenigusa. Huku Unyamwezini tulikuwa na Wayeye, watu wa nyoka. Babu yangu mmoja alikuwa wao. Anaingiza mkono shimoni, anatoa nyoka unayemkimbia wewe, anamzungusha shingoni, watu wanatazama. Hakuwa na nguvu kuliko nyoka. Alikuwa anamjua: anatoka saa ngapi, kichwa unakibana wapi, mzizi gani unatafuna kabla. Kwa hiyo nikisikia mnauliza joka na mtu wa dawa nani zaidi, mimi sijui Wazungu wanasemaje, lakini nimeshaona mwenye meno akiwekwa kwenye kikapu na asiye na meno. Na ninaposema hana meno, kweli babu hakuwa nayo, mawili tu ya chini.

Mwl_Baiolojia
Shikamoo mzee. Hapo umeongea.

KalamuButu (Tabora)
Shikamoo mzee wangu. Ndiyo hoja yangu: mchawi nguvu yake ni maandalizi. Mpe wiki moja, anashinda wote. Mvamie akiwa anaoga, hana kitu. Ile michezo ya mezani ya Wamarekani iliyoanza 1974, ya karatasi na dadu, kwa miaka mingi mchawi wake alitakiwa kukariri dua zake kabla, na kila moja akishaitumia inafutika kichwani mpaka apumzike na kukariri upya. Wachawi wengine wanaficha uhai mbali na mwili. Warusi wana Koschei, kifo chake kimo kwenye ncha ya sindano, sindano kwenye yai, yai kwenye bata, bata kwenye sungura, sungura kwenye sanduku, sanduku kisiwani. Ila angalia mwisho wao: Merlin wa Waingereza alifungiwa na binti aliyemfundisha uchawi yeye mwenyewe. Mchawi haliwi na joka, analiwa na mwanafunzi.

Asali_ya_Sikonge (Tabora)
Ngoja niwaambie kilichonikuta, maana mwenye uzi anaelekea shimo lilelile. Niliwahi kuendesha hadithi ya mfululizo kwenye kundi la simu, wasomaji 63, kila mmoja buku kwa mwezi. Mbabe wangu alikuwa joka. Kila nikiona watu wamepoa nalipandishia nguvu. Sehemu ya 8 chuma hakilipenyi. Ya 15 moto haulichomi. Ya 22 dawa haziligusi, na ya 27, nikiwa nimelewa sifa, nikaandika kwamba hata likikatwa kichwa linaota kingine. Watu wanatuma emoji mpaka simu inaganda.

Sehemu ya 31 nikakaa nimalize. Shujaa yuko mbele ya joka. Nikaandika, nikafuta. Siku tatu. Kila mlango nimeufunga mwenyewe kwa mkono wangu. Wasomaji wakaanza: mwandishi vipi, mwandishi umeumwa? Siku ya nne usiku, umeme umekatika, chaji asilimia 6, nikaandika joka likakabwa na mfupa wa mbuzi likafa.

Jamani. Nilitukanwa na watu ambao nawauguzia ndugu zao. Kumi na moja walidai hela yao. Mama mmoja nilikutana naye sokoni, kashika mafungu yake ya nyanya, akanitazama kwa upole kabisa akaniuliza, "Hivi mwanangu, ule mfupa ulikuwa wa paja au wa mbavu?" Sikununua nyanya. Mpaka leo nikikutana naye nabadilisha njia.

Kwa hiyo wewe wa stationari, usituulize nani ana nguvu. Sema kila mmoja anaumia wapi.

BintiUjiji
Pole kwa mfupa 😂 Ila hapo ndipo wazee wetu wa pwani walituzidi. Fumo Liyongo silaha hazimpati, gereza halimweki, kaletewa tupa ndani ya mkate akakata minyororo. Lakini sindano ya shaba kitovuni, basi. Na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Akaenda kufia kisimani, kapiga goti, kashika uta, watu wakashindwa kuteka maji wakidhani yuko hai. Maiti inazuia mji mzima kunywa maji! Nipe joka lenye nguvu hizo.

Mgebuka_Mkavu
Liyongo siyo joka, siyo jini, siyo mchawi.

BintiUjiji
Na wewe siyo mwenye uzi.

Mama_Kaliua
Mimi nina moja tu. Kama jalada litakuwa la mchawi, nakuomba usichore bibi kizee mwenye macho mekundu. Bibi yangu mimi macho yalikuwa mekundu kwa moshi, kapika kwenye mafiga miaka yote ya ndoa yake, jiko halina dirisha. Watoto wa jirani walisoma kitabu cha namna hiyo, wakaacha kuja kuchota maji kwetu. Mwaka huohuo mjomba akaja kumhamisha usiku. Nyie mnaokaa ukanda huu mnajua kwa nini alikuja usiku.

Mzee_wa_Behewa (Tabora)
Tunajua mwanangu.

Stationari_Mwanga
Mama, mchawi wangu ni kijana wa miaka thelathini, amesomea mbali, anavaa suti. Nakuhakikishia.

KalamuButu (Tabora)
Si ungesema tangu mwanzo! Suti inabadilisha kila kitu. Na wasomaji ni kina nani? Hujajibu mpaka sasa.

Mwl_Baiolojia
Na urefu wa joka pia. Isije ikawa mita 200. Liemba yenyewe ni kama mita 70.

Fundi_Gereji_Kgm
Ukitaja Liemba umeniita. Mnajua ile meli ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa kwenye masanduku, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikakaa chini miaka, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini? Imezama na kufufuka. Hiyo ndiyo ya kuweka jaladani. Hakuna joka limewahi kufanya hivyo.

Mgebuka_Mkavu
Leo umesema kweli.

Asali_ya_Sikonge (Tabora)
Mimi nilipanda 2009 mpaka Kasanga, wacha niwasimulie wale mananasi wanavyopakiwa usiku katikati ya maji...

Stationari_Mwanga
Wakuu, mananasi baadaye. Mchoraji ameanza bila kuniuliza. Kanitumia picha ya simu: kachora mkia umetoka majini, basi. Anasema huo ni elfu 15, na mkia unaweza kuwa wa yeyote. Nimpe?

BintiUjiji
Jini hana mkia.

Ustadhi_wa_Jioni
Inategemea dada. Kuna kauli mbili.

Mwl_Baiolojia
Tuma picha tuone magamba.