Li Ling: msaliti, au mtu aliyesalitiwa?

Mwana wa Karafuu:
Wakuu, jambo hili limenikaa kooni. Akitajwa Li Ling, jemadari wa China ya kale, popote, watu humalizia "yule msaliti" kana kwamba kesi ilishafungwa. Mimi nakata rufaa.

Kwa asiyemjua: mwaka 99 K.K. Mfalme Wu wa utawala wa Han, China, alimtuma Li Guangli, kaka wa suria wake kipenzi, akapige Xiongnu, wale wafugaji wa nyika za kaskazini. Li Guangli akapewa wapanda farasi 30,000. Li Ling alitakiwa asimamie mizigo ya huyo mkubwa. Akaomba apewe njia yake mwenyewe, akaambiwa farasi hakuna. Akatoka kwa miguu na askari 5,000, mwendo wa siku 30 kwenda kaskazini. Huko akakutana na wapanda farasi 30,000, halafu Chanyu, mfalme wa Xiongnu, akaita wengine 80,000. Lu Bode, jemadari aliyepangiwa kumpokea nyuma, alikuwa ameona haya kumfuata mtu mdogo kwake, akaomba safari iahirishwe, mfalme akampeleka kwingine.

Walirudi nyuma wakipigana. Mwenye majeraha matatu alipakiwa mkokotenini, mwenye mawili akauendesha, mwenye moja akabaki na silaha mkononi. Mishale ilipokwisha wakavunja njiti za magurudumu wakapigania hizo. Usiku wa mwisho kila mmoja alipewa nafaka kidogo iliyokaangwa na pande la barafu, wakaambiwa watawanyike. Ngoma ya kuwaamsha ilipigwa, haikulia. Waliofika mpakani hawakuzidi sana 400, na mpaka ulikuwa kilomita 40 na kitu tu. Li Ling akashikwa, akasalimu amri.

Baadaye mfalme akasikia kwamba Li Ling anawafundisha Xiongnu vita. Akaua mama yake, mkewe na watoto. Kumbe mwalimu alikuwa Li Xu, mtu mwingine kabisa! Sasa niambieni nani alimsaliti mwenzake.

Afande Mstaafu:
Kijana, umesimulia vizuri ila umekata mkia. Nimevaa gwanda miaka 22, najua kurudi nyuma kwa mpango ni kugumu kuliko kushambulia. Kwa hilo nampa heshima yake. Lakini msaidizi wake Han Yannian alikuwa naye usiku huohuo, giza hilohilo, akapigana mpaka akafa. Na mwaka 90 K.K. je? Li Ling alikuwa na wapanda farasi 30,000 wa Xiongnu waliolifukuza jeshi la Han na kupigana nalo siku 9. Askari wale wa Han hawakumuua mama yake. Mbona hapo umenyamaza?

Mwana wa Karafuu:
Shikamoo Afande. Ila umeniita kijana bila kunijua, mimi nina wajukuu wawili. Na kusema nimekata mkia ni kuniita mwongo mbele za watu. Nimekisoma kisa hiki zaidi ya mara kumi.

Unazungumzia ujeshi, haya, tuzungumze ujeshi. Alipoona moyo wa askari umeshuka na ngoma haiwainui, aliuliza kama kuna wanawake kambini. Walikuwepo, wamefichwa kwenye mikokoteni. Akawaondoa, na kesho yake jeshi likaua maadui zaidi ya 3,000. Huyo ndiye kamanda unayemwita mwoga.

Afande Mstaafu:
Neno mwoga sijaliandika. Soma tena.

Binti Kizimkazi:
Mwana wa Karafuu, naomba nikuulize kwa heshima zote. Aliwaondoa kwenda wapi?

Mwana wa Karafuu:
Dada, hiyo ni habari ndogo ndani ya kisa kikubwa.

Binti Kizimkazi:
Aliwakata kwa upanga, wote. Umekisoma mara kumi, basi unalijua hilo, na bado umechagua "akawaondoa". Hawakuwa makahaba wala majasusi. Waume zao walikuwa wamehukumiwa ujambazi kule mashariki, wao wakahamishiwa mpakani kwa kosa lisilo lao, wakaishia kuwa wake wa askari hao. Wametembea siku 30 na jeshi. Kisha ngoma ikikosa sauti, lawama yao.

Mpole wa Bandari:
Tusihukumu watu wa miaka 2,000 iliyopita kwa macho ya leo. Zama zile kila jeshi lilifanya hivyo.

Binti Kizimkazi:
Nani amekuambia kila jeshi? Mama wa Li Ling aliuawa kwa kosa lisilo lake, tunalia. Wanawake wa mikokotenini waliuawa kwa kosa lisilo lao, ni nidhamu. Nataka mtu mmoja tu hapa anieleze tofauti.

Mwana wa Karafuu:
Tofauti ni kwamba kule ni uvumi, huku ni vita!

Mwanafunzi Xi'an:
Niingie kidogo. Niko Xi'an kimasomo, mwaka wa tatu. Kaburi la Mfalme Wu, Maoling, liko nje ya mji, nilikwenda. Kando yake kuna kaburi la Huo Qubing, jemadari wake, na pale pana farasi wa jiwe amesimama, chini ya tumbo lake amelala Mxiongnu ameshika upinde. Nilimtazama yule mtu wa chini kwa muda mrefu, uso wake umekunjamana kabisa.

Huyo Huo Qubing ndiye aliyempiga mshale Li Gan, baba mdogo wa Li Ling, wakiwa mawindoni, na mfalme akaficha akisema amechomwa na pembe za paa. Babu yake Li Ling, Li Guang, alijiua mwaka 119 K.K. baada ya kulaumiwa kwa kupotea njia vitani. Ukoo ule ulikuwa na madai yake kwa ikulu tangu zamani.

Mpole wa Bandari:
Na mnamsahau Sima Qian, mwandishi wa historia. Baraza zima lilimgeuka Li Ling, yeye peke yake akamtetea, na hawakuwa marafiki, hata kikombe cha pombe hawakuwahi kunywa pamoja. Familia haikuwa na fedha za kumkomboa. Wakamhasi. Mfalme anayemhasi mtu kwa kutoa maoni hastahili jemadari yeyote afe kwa ajili yake.

Afande Mstaafu:
Mpole, askari hafi kwa ajili ya mfalme. Anakufa kwa ajili ya aliye kushoto kwake na kulia kwake.

Dada Binti, nimekusoma mara mbili. Katika kazi yangu niliona familia zinazofuata jeshi, akina mama wenye masufuria kichwani, wanajua njia kuliko sisi. Kamanda anayewalaumu hao ameshashindwa, anatafuta pa kuweka kushindwa kwake. Hapo nipo nawe.

Binti Kizimkazi:
Ahsante Afande. Kwangu usaliti wake wa kwanza ulikuwa pale mikokotenini, kabla Xiongnu hawajamgusa.

Mwana wa Karafuu:
Mada ilikuwa usaliti kwa nchi, sasa tumefika kwenye masufuria. Lakini nakiri, neno "akawaondoa" halikuwa neno la haki. Nalifuta.

Mwanafunzi Xi'an:
Mfalme Wu alipokufa, wakubwa wapya walimtuma mjumbe akamrudishe Li Ling. Mjumbe hakuweza kusema wazi mbele ya Chanyu, akawa anashikashika pete ya upanga wake, kwa sababu kwa Kichina pete na kurudi hutamkwa sawa, huan. Li Ling alielewa. Walipokutana tena alijishika nywele zake, zilizofungwa kwa mtindo wa Xiongnu, akasema keshavaa nguo za kule. Akasema mwanamume hafedheheki mara mbili. Akabaki, akafia huko mwaka 74 K.K.

Mwana wa Karafuu:
Hiyo pete inaniumiza kila mara. Alitaka kurudi.

Binti Kizimkazi:
Angetaka angerudi. Su Wu, mjumbe wa Han aliyezuiliwa na Xiongnu, alikaa kule miaka 19 akichunga kondoo na akarudi mwaka 81 K.K.

Mwana wa Karafuu:
Su Wu hakuuliwa mama!

Binti Kizimkazi:
Mama yake alifariki akiwa mbali, ndugu zake wawili walijiua kwa kuogopa adhabu za mfalme huyohuyo, na aliyempelekea habari hizo ni Li Ling mwenyewe, akimshawishi naye asalimu amri. Hilo nalo umelisoma mara kumi?

Afande Mstaafu:
Siku 9 za mwaka 90 K.K. bado hakuna aliyezigusa. Nasubiri.