Semikoloni kwenye JavaScript: niweke au niache?

Mwana_Chumbageni

Wakubwa shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Tuko wawili hapa Tanga, tunamtengenezea mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza programu ya kuandikia mizigo yake: lori limebeba matenga mangapi, limeshusha soko gani, dereva anadai nini. Tunaandika kwa JavaScript, lugha ya programu za mtandaoni. Mimi chuo nilianza na Java, lugha nyingine, mkono wangu haufungi mstari bila semikoloni (;). Mwenzangu kajifunza JavaScript kwa video za YouTube, haweki hata moja, na zangu anaziita uchafu. Akifungua faili langu anazifuta. Nikilifungua mimi nazirudisha. Ukiangalia Git, inayotunza historia ya mafaili yetu, utadhani tunaandika programu upya kila siku, kumbe tunagombania alama.

Sasa juzi tajiri kapiga simu, ukurasa wa malipo ya madereva unaandika "undefined", yaani hakuna thamani. Tatizo lilikuwa hapa:

```
function malipo(safari) {
  return
    safari.length * nauli
}
```

Kaandika yeye, na semikoloni hakuna. Nimemwambia si unaona sasa? Kanuna. Nisaidieni kumshawishi.

Baharia_Raskazone

Weka, mjadala umekwisha. Mwongozo wa Google wa kuandika JavaScript unazitaka, wa Airbnb unazitaka. Nyie wa machungwa mna lipi jipya?

Fundi_Ngamiani

Marahaba mdogo wangu. Mwenzako umemwonea. Chukua hiyo hiyo funksheni, tia semikoloni yako baada ya nauli, halafu iendeshe. Utapata "undefined" vile vile. JavaScript ikikuta return kisha mstari umekatika, inatia semikoloni yake pale pale, haingoji yako ya chini. Ile hesabu haifikiwi kamwe. Dawa yake ni kuandika return na hesabu mstari mmoja, au kama hesabu ni ndefu, fungua mabano mbele ya return kabla hujashuka. Break na continue zina tabia hiyo hiyo.

Ndiyo maana hawa wa "weka tu ulale" huwa siwaelewi (Baharia, usinune na wewe). Utaratibu huu hauna swichi ya kuuzima. Umo kwenye ECMAScript, kiwango rasmi cha JavaScript, tangu toleo la kwanza la 1997, na unamfanyia kazi anayeweka na asiyeweka.

Mwenzako naye asishangilie mapema. Wengi wa kambi yake wanaamini kwamba mstari ukiisha, semikoloni imeshaingia. Wapi! Daladala ya Raskazone haisimami kwa kuwa wewe umefika kwako. Inasimama ukisema "shusha", au barabara ikiishia baharini. JavaScript nayo inaendelea kusoma mstari wa pili maadamu maneno yanaunganika. Mwonyeshe hii:

```
const soko = 'Mgandini'
['Muheza', 'Pangani'].forEach(andika)
```

Wewe unaona mistari miwili. Yenyewe inaona mmoja. Baada ya 'Mgandini' imekuta bano la mraba, ikadhani unatafuta kitu ndani ya neno hilo. Ule mkato wa katikati unaifanya imwache 'Muheza' ibaki na 'Pangani'. Inatafuta Pangani ndani ya Mgandini, haimo, forEach (amri ya kupitia kitu kimoja kimoja) inaangukia patupu na programu inalala. Wasioweka semikoloni lazima waujue mtego huu: mstari unaoanza na bano la duara, bano la mraba, alama ya `, mshazari, jumlisha au kutoa. Wanachofanya ni kutanguliza semikoloni mwanzoni mwa mstari wa namna hiyo. Sura yake mbaya, lakini inafanya kazi, na Standard, mtindo wa kuandika JavaScript wa Feross Aboukhadijeh, unakwenda hivyo.

Na msidhani mmeanza nyie. Mwaka 2012 Bootstrap, vifaa vya kutengenezea kurasa za mtandao, walikuwa na mstari usio na semikoloni, unaofuatiwa na mstari unaoanza na alama ya mshangao. Kwenye kivinjari ulikwenda vizuri. Ukipita kwenye JSMin, programu ya Douglas Crockford ya kubania mafaili, ukaharibika. Crockford akajibu kwamba hailegezi JSMin kwa ajili ya mistari ya namna ile, na watu wakagombana mtandaoni kama hawana kazi za kufanya.

Mimi binafsi naweka. Sababu si usalama. Ni kwamba nikishika kazi za watu wa PHP (lugha nyingine ya programu), jicho lao linazitafuta, na sina nguvu za kubishana.

Binti_Pangani

Fundi kamaliza, ila hajasema la mikono. Wekeni Prettier, programu ya kupanga mistari, faili likihifadhiwa inapanga yenyewe, nani anapenda nini halimhusu mtu. Mkichagua bila, andikeni `"semi": false` kwenye faili lake la mipangilio, .prettierrc, na ile mistari ya mtego itatanguliziwa semikoloni bila ninyi kukumbuka. Mkichagua kuweka, ile funksheni yenu ingepangwa hivi: `return;` peke yake juu, hesabu chini. Hapo hata asiyejua angeshtuka. Ongezeni na ESLint, programu ya kukagua makosa, kanuni ya `no-unreachable` inakamata la return, `no-unexpected-multiline` inakamata la Mgandini.

Mwana_Chumbageni

Nimeijaribu na semikoloni, kweli, "undefined" ile ile. Tumekwenda na mtindo wake kwa sababu ndiye anayeandika sehemu kubwa. Prettier imepita kwenye mafaili yote. Ila dada Binti, sasa kwenye `git blame`, amri inayoonyesha nani kagusa mstari gani mwisho, kila mstari una jina langu, hata zile hesabu za ushuru nisizozijua.

Binti_Pangani

Commit (mabadiliko yanayohifadhiwa Git kwa mkupuo) ya kupanga iwe peke yake, isichanganywe na kazi nyingine. Namba yake nzima ibandike kwenye faili liitwalo `.git-blame-ignore-revs`, kisha kila mmoja kwenye mashine yake aendeshe:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

Inataka Git 2.23 kwenda juu. Hesabu za ushuru zitarudi kwa mwenyewe.