Msitu wa mlimani: nimepanda mpaka juu sijaona bonde

Wakuu habari zenu. Kuna msitu wa miti ya majani mapana uko kwenye mteremko, wanasema ukifika juu bonde lote unaliona, sasa mi nimepanda weee nikaishia kuona majani tu. Nimekosea wapi?

tembeatu: Pole mkuu, njia hukukosea, umekosea msimu. Majani yakijaa yanaziba kila kitu, subiri yapukutike ndo bonde linafunguka. Ila kushuka uwe makini, majani yaliyolowa yanateleza kama sabuni na mizizi ya chini yake huioni, mi nilishuka kwa makalio.

muuliza swali: Hahaha pole. Na saa ngapi ni poa?

miguumizito: Usiwahi sana, usiku hewa ya baridi inashuka inajikusanya bondeni ndo unakuta ukungu mpaka jua lipande. Japo mi huo ukungu naupenda kishenzi, vilima vinachomoza juu yake kama visiwa.

tembeatu: Pia nenda kabla majani mapya hayajafunga huko juu, mwanga unafika chini na vimaua vinachanua. Usivikanyage bana, pita njiani.